Ukuta Usiopigiliwa

Nilikuwa nimeshapiga magoti. Drili mkononi, penseli sikioni, na kwenye vigae alama nane nilizochora kila baada ya sentimita 40. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Oktoba 2024, mjini Hannover. Hapa Jumapili huwezi kutoboa hata shimo la kutundika picha bila jirani kuja mlangoni, kwa hivyo Jumamosi ndiyo siku ya watu kama mimi.

Dada yangu akatoka chumbani mbio. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, bado na sare ya hospitali, karatasi mbili mkononi.

"Wewe! Weka hiyo kitu chini!"

"Kitu gani?"

"Hiyo drili. Weka chini kwanza."

Karatasi zilikuwa barua ya mwenye nyumba, ile ya kuturuhusu kujenga ukuta. Ilipofika tulisoma aya ya kwanza, tukaona amekubali, tukafunga bahasha tukasherehekea na chapati. Ukurasa wa pili hatukuugusa. Huko ndiko alikuwa ameweka masharti: ukuta uwe mwepesi, siku tukihama tuung'oe, na sakafu isitobolewe kabisa, hata kidogo.

"Isitobolewe kwa nini?"

"Chini kuna maji," akasema.

"Maji gani?"

"Ya moto."

Nikaangalia alama zangu nane. Kila moja ilikuwa mahali ningepitisha msumari wa drili bila kufikiria mara mbili.

*

Mimi ni mtoto wa fundi. Buda amekata nyumba za watu Githurai, Zimmerman na Kahawa West tangu nikiwa darasa la pili. Kama umewahi kuishi kwa bedsita ambayo unasikia jirani akigeuka kitandani, kuna uwezekano buda ndiye aliyeigawa, na kuna uwezekano mimi ndiye niliyeshika ile bodi akipiga skrubu. Njia yake haina siri. Unavuta kamba ya chaki sakafuni, unateremsha timazi, unalaza chaneli ya chuma kwenye mstari, unatoboa, unakaza. Nguzo zinasimama juu yake, bodi za jipsamu zinafunga pande zote mbili, na kufikia Jumatatu mwenye ploti anapata kodi mbili mahali palikuwa na moja.

"Ukuta unashikwa chini," buda husema. "Juu ni kuusaidia tu."

Kwetu chini ya sakafu kuna nini? Skridi, zege, kokoto, halafu Kenya. Mbaya zaidi utapata paipu ya nyaya za stima. Hiyo aliwahi kuitoboa mara moja, cheche zikaruka, akaikalia ndoo dakika kumi bila kuongea, kisha akaendelea na kazi. Nilikuja Ujerumani 2023 kusomea kazi ya kutunza wazee, lakini mikono yangu bado ilikuwa ya Githurai. Dada aliponiambia anataka kugawa sebule, nilimwambia ni kazi ya siku moja. Nilisema hivyo kwa madharau, kama mtu ameulizwa kama anaweza kuchemsha chai.

Ukuta ulikuwa wa mpwa wangu. Dada alimwacha kwa mathe Nyahururu akiwa na miaka minne, akaja huku kama au pair. Mwaka mmoja ukawa miwili, kazi ya kujitolea ikafuata, halafu miaka mitatu ya kusomea uuguzi, halafu hospitali. Mtoto alikua kwa simu. Tulimwona akipoteza meno kwa WhatsApp na tukaona yakirudi. Sasa alikuwa na miaka 14 na viza imetoka.

Kabla ya kuruhusu mtoto kuja, serikali hapa huangalia mshahara wako, na kwa wengi ukubwa wa nyumba yako pia. Nyumba ya dada ni chumba kimoja cha kulala na sebule kubwa, na kwa mita za mraba ilitosha vizuri. Lakini hakuna karatasi iliyouliza msichana wa miaka 14 atafungia mlango wapi. Hilo dada alijiuliza mwenyewe. Alikuwa na jibu, mita tatu kwa nne upande wa dirisha la kushoto, na alikuwa na mimi.

Mwezi uliotangulia, Kenya na Ujerumani zilikuwa zimetia sahihi mkataba wa wafanyakazi kule Berlin mbele ya Ruto na Scholz, na simu yangu ilikuwa imejaa watu wa nyumbani wakiuliza tu swali moja: unaingia aje? Hakuna aliyeuliza ukishaingia unalala wapi, na mtoto wako naye.

*

Jumatatu nilirudi kazini. Kwenye ghorofa yetu kuna mzee mmoja aliyemwaga sakafu za watu kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka magoti yakakataa. Wajerumani wana fundi wa kumwaga skridi peke yake, na anaisomea miaka mitatu. Huyu mzee huongea kidogo sana. Nilipomwambia nimekaribia kutoboa sakafu yenye mabomba ya joto, alicheka hadi akakohoa. Halafu akaniita nikae, akavuta sahani yake ya chakula cha mchana.

Sahani, akasema, ni zege ya ghorofa. Akaweka kipande cha mkate juu yake: hicho ni ile foamu nyeupe, kama inayokuja na TV mpya kwenye boksi, ya kuzuia joto lisishuke kwa jirani wa chini. Akachukua tambi moja ndefu akaizungusha juu ya mkate, ikienda katikati na kurudi. Hilo ni bomba la plastiki, unene wake kama milimita 16, na kutoka mstari hadi mstari ni sentimita 10, 15, hata 20. Kisha akafunika kila kitu kwa viazi vilivyopondwa na kusawazisha kwa kisu, taratibu, hadi nikaona kabisa kwamba hii kazi aliifanya kwa mapenzi. Hiyo ndiyo skridi. Juu ya bomba huwa angalau milimita 45. Vigae vinakuja mwisho.

"Sasa sukuma," akaniambia.

Nikasukuma mkate kwa kidole. Kila kitu kikateleza pamoja juu ya sahani.

Hapo ndipo penyewe. Hiyo sakafu haijashikana na nyumba. Inaelea. Ukingoni, pembeni ya kila ukuta, huwekwa utepe wa foamu ili skridi ikipata joto itanuke bila kusukuma kuta. Ukijenga ukuta mzito wa matofali juu yake baadaye, unaweza kuipasua. Ukuta mwepesi wa jipsamu inaubeba. Lakini ukitoboa, unacheza kamari na tambi usiyoiona. Na bomba likitoboka halirushi maji usoni kwako kama mfereji. Maji yanateremka kimya kimya ndani ya foamu, yanatembea, na unaweza kujua tu siku jirani wa chini anapokuja kukuonyesha picha ya dari yake.

"Watu wengine hutoboa milimita 25 na kuomba Mungu," mzee akasema. "Mimi nimevunja sakafu nyingi za watu walioomba Mungu."

Nikamuuliza basi ukuta unashikwaje. Akasema unashikwa juu, kwenye zege ya dari, na pembeni, kwenye kuta. Chini unaubandika kwa gundi.

Nilimpigia buda usiku huo nikamwambia. Kimya. Nilisikia redio yake nyuma.

"Gundi," akasema.

"Ndio, Baba. Gundi maalum. Inabaki laini kama mpira, haikauki ikapasuka."

"Na mlango je? Si ukuta una mlango?"

"Uko na mlango."

"Ukuta wa mlango ambao haujashikwa chini utacheza. Siku mtu ataubamiza, utaniambia."

*

Mtoto alifika kabla ya ukuta. Ndege haikujali mipango yetu. Tulimpokea na jaketi mbili na maua, na picha ya pale uwanja wa ndege inaonyesha watu watatu wakitabasamu kama wafanyakazi wa benki. Dada alimkumbatia muda mrefu. Mtoto naye alikumbatia, lakini mikono yake ilikuwa imeshika mkanda wa begi, haikuuachilia.

Nyumbani alivua viatu, akasimama katikati ya sebule, akaangalia miguu yake.

"Anko, hii floo iko na joto."

"Ndio. Kuna maji chini."

Akachuchumaa akaweka kiganja kwenye kigae. Nyahururu ina baridi ya ukweli. Huko joto unalifuata, unakaa karibu na jiko mpaka mtu mzima akuambie ulitoe nje usije ukalala nalo. Hili lilikuwa limetandazwa tu, halina moshi, halina mahali linatoka.

"Ni kama pale ng'ombe alikuwa amelala," akasema. "Ukimfukuza, ukikalia hapo."

Dada alicheka sana, zaidi ya ilivyohitajika. Mtoto akamwangalia kidogo, akarudisha macho chini.

Wiki mbili zile alilala kwenye sofa. Hilo sofa lina historia yake. Ni kubwa, la kona, rangi ya kijivu, na dada alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza kamili wa uuguzi. Kila Mkenya aliyekwama Hannover amelilalia, mimi nikiwa wa kwanza. Mtoto alikuwa anaamka kabla ya wote, anakunja blanketi mara nne, anaketi ukingoni kama mgeni anayesubiri kuitiwa daktari. Ukimuuliza umelalaje: niko sawa. Unataka kula nini: chochote, niko sawa. Dada angerudi kutoka zamu amebeba mikate mitamu ya kila aina na mtoto angesema asante, na angekula nusu.

Usiku mmoja nilipokuwa naondoka kukimbilia tramu, dada alinifuata ngazini.

"Hata hajanikasirikia," akasema. "Miaka kumi. Mimi ningekuwa nimevunja sahani."

Sikujua la kusema. Nikamwambia ukuta utakuwa tayari wiki ijayo.

*

Shida ilikuwa moja: hatukujua mabomba yamepita wapi. Mwenye nyumba hakuwa na mchoro. Mzee wa kazini alisema tukodishe kamera ya joto, zinapatikana maduka ya vifaa vya ujenzi. Buda, kwa video kutoka Githurai, alisikiliza yote hayo kisha akauliza swali la bei. Nikamtajia. Akanyamaza tena, lakini safari hii alikuwa anafikiria.

"Si ulisema ni maji moto?"

"Ndio."

"Zima hiyo joto siku nzima floo ipoe. Halafu washa. Ngoja kidogo, piga deki. Penye bomba patakauka kwanza."

Nilikaa na simu mkononi. Huyu ni mtu hajawahi kuona sakafu ya joto maishani mwake. Nilipomhadithia mzee kesho yake, alitikisa kichwa, akasema hivyo ndivyo walivyofanya wao kabla ya kamera. Akaongeza kwamba hata Warumi walipasha sakafu joto, na pale Trier ukienda utaona mabaki yake. Nadhani alitaka kusema kwamba akili nzuri huzunguka dunia. Au alitaka tu mtu wa kuongea naye kuhusu sakafu.

Kwa hivyo Jumapili moja, kazi isiyo na kelele, tulikuwa watatu magotini na wa nne kwenye simu iliyoegemezwa kwa sufuria. Kwenye korido kuna kisanduku cha chuma ukutani. Ukikifungua unaona safu mbili za vali, ya maji yanayokwenda na ya maji yanayorudi. Kila jozi ni mzunguko mmoja wa bomba. Tukagundua sebule ina mizunguko miwili, yote ikisikiliza themostati moja. Nikafunga mmoja, nikafungua mwingine. Tukangoja karibu saa moja. Kisha mpwa wangu akapiga deki sebule nzima, akarudi nyuma.

Mwanzoni ilikuwa ni maji tu kwenye vigae. Halafu upande wa kushoto mistari ikaanza kutokea. Mikavu, iliyopinda, moja baada ya nyingine, kama mtu anaandika kutoka chini.

"Ghai," dada akasema.

"Weka utepe! Weka utepe kabla ipotee!" buda akapiga kelele kutoka kwa sufuria.

Mtoto ndiye aliyekuwa na utepe wa karatasi. Alitembea kwa magoti akifuata kila mstari, akiubandika, ulimi nje ya meno, na ile adabu ya mgeni ikawa imeanguka mahali. "Babu, hapa inarudi!" "Fuata! Usiiache!" Tulifunga mzunguko ule, tukarudia na wa pili. Kufikia saa kumi jioni sebule ilikuwa na ramani nzima ya utepe wa njano. Mstari wa ukuta nilioukusudia, ule wa alama nane, ulipita juu ya mabomba mara sita. Ningetoboa mashimo nane. Sitaki kufanya hiyo hesabu.

Lakini ramani ilituonyesha pia jambo ambalo hatukuwa tumeliuliza. Mizunguko miwili ilikutana sentimita 40 kulia kwa mstari wetu. Ukuta ukikaa pale dada alipopima, sebule ingekuwa na mzunguko mmoja na kipande cha mwingine. Tukimwachia themostati ya sebule, joto la chumba chake lingeamuliwa na mtu aliye upande wa pili wa ukuta. Ukuta ukisogezwa sentimita 40, mzunguko wa kushoto wote unakuwa ndani ya chumba chake. Anaweza kuwekewa themostati yake. Ni mabomba mawili tu, yanayotoka kwenye kisanduku, yangepita chini ya ukuta.

"Sawa," nikasema. "Tusogeze."

Dada alikuwa anaangalia sofa. Nilijua anachohesabu kwa sababu nami nilikuwa nimekihesabu. Sebule ingebaki mita tatu na sentimita 60. Sofa la kona haliingii.

"Hakuna haja," akasema mtoto haraka. Alikuwa amesharudi kwenye ile sauti yake. "Mi niko sawa na baridi. Hata hiyo ndogo ni kubwa. Niko sawa."

Hakuna aliyejibu. Buda kwenye simu alikuwa anakohoa bila kukohoa.

Ningependa kuandika kwamba dada aliamua papo hapo. La. Alisema tutaona, akaenda jikoni, akaosha vyombo vilivyokuwa tayari safi. Mtoto akaanza kubandua utepe, kona moja, polepole, kama mtu anayefuta kosa lake. Nikamwambia aache. Akaacha, lakini mkono ulibaki pale.

Jumanne dada alinitumia picha. Vijana wawili wa chuo kikuu, Wakenya, wanateremsha sofa ngazini, mmoja amebeba kona kichwani. Chini ya picha aliandika: 3.40. Usikosee hata sentimita.

*

Ukuta wenyewe ulichukua wikendi mbili, si siku moja. Chini ya chaneli nilibandika utepe wa foamu, sauti isipite kwa sakafu. Kisha gundi, mistari miwili mirefu isiyokatika, na chaneli ikalazwa juu yake na kukandamizwa kwa kila kitu kizito tulichokuwa nacho: maboksi ya vigae, madumu ya maji, mfuko wa unga tulioununua duka la Waafrika. Usiku mzima. Juu nilitoboa dari bila huruma, skrubu ndefu, karibukaribu. Nguzo za mlango niliweka zile nene, kutoka chini hadi kwenye zege ya juu. Bodi hazikugusa sakafu, niliacha nafasi ya sentimita moja chini, ili skridi ikitanuka isisukume kitu. Mlango niliununua mwepesi kuliko wote dukani.

Fundi wa mitambo ya joto alikuja siku nyingine, akaunganisha themostati ya pili na vali yake. Alisimama akaangalia mstari wa ukuta, akaangalia ramani tuliyopiga picha, akasema neno moja la Kijerumani ambalo maana yake ni kama "safi". Nikamtumia buda. Akauliza fundi huyo analipwa pesa ngapi kwa saa. Nilipomwambia alikata simu.

Mtoto aliingia chumbani kwake Ijumaa jioni. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuzungusha themostati hadi mwisho. Nusu saa baadaye alitoka.

"Haifanyi."

Nikamweleza. Sakafu hii si hita ya kuwasha na kuzima. Maji yenyewe ni nyuzi kama 35 tu, na vigae havifai kupita nyuzi 29. Skridi ni kama sufuria nzito ya ugali: inachelewa kushika moto na inachelewa kuuacha. Ukitaka joto la kesho asubuhi, unaliomba leo. Ukilazimisha, hutaona kitu saa hizi, na usiku wa manane utaamka unatoka jasho.

Alitikisa kichwa kama mtu ameelewa, na usiku wa manane aliamka akitoka jasho. Dada aliniambia alimsikia akifungua dirisha. Hakuingia. Alisimama kwa mlango wa pili, upande wa sebule, mkono karibu na bodi, akasikiliza, akarudi kulala. "Ni chumba chake," aliniambia, kama ananiuliza.

Alichukua karibu wiki tatu kupata namba yake. Ni 21. Aliandika kwa penseli ukutani, karibu na themostati, na dada hajafuta.

*

Ilikuwa Desemba, Jumapili ya pili au ya tatu, niko jikoni kwao nakanda chapati. Dada na mtoto walikuwa sebuleni wakibishana kuhusu simu, nani anaruhusiwa kuwa nayo saa ngapi. Mara ya kwanza nilisikia "niko sawa" haitumiki. Sauti ikapanda. Dada akasema jambo kuhusu heshima. Mtoto akasema, kwa Kikuyu, haraka, halafu kwa Kiswahili ili hakuna asielewe:

"Sasa ndio unataka kunilea? Ulikuwa wapi?"

Kimya.

Halafu miguu, halafu mlango.

Aliubamiza kwa nguvu zote za Nyahururu. Vikombe vililia kabatini. Niliuona ukuta kutoka pale nilipokuwa, mweupe, mita nne, na nadhani nilishikilia meza. Ulitetemeka mara moja, kutoka kwa mlango hadi pembeni, kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. Kisha ukatulia.

Dada alikuwa amesimama katikati ya sebule, mahali sofa lilikuwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa amefunika mdomo. Nilienda haraka nikidhani ameumia. Akanionyesha mlango kwa kidole.

"Umesikia?" akanong'ona. "Umesikia vile ameubamiza?"

Alikuwa anatabasamu.

Hakugonga. Alivuta kiti, akakiweka karibu na ule mlango, akaketi miguu peku kwenye vigae, akangoja. Nikarudi kwa chapati. Sijui walikaa hivyo muda gani. Unga ulikuwa umekauka vidoleni niliposikia kitasa kikizunguka.

Usiku, kwenye tramu, nilimwandikia buda. Nilimwambia ule mlango umebamizwa.

Alijibu kabla sijafika kituo changu. Na ukuta?

Umesimama, nikaandika.